Mhariri wa sanaa amerudisha skechi zangu, anasema ni "za kawaida mno". Wazo la picha ya makala linatafutwaje?

Penseli2B:
Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa waliowahi kuchorea majarida, hasa zile picha za dhana ambazo hazionyeshi tukio wala sura ya mtu fulani, bali fikra iliyomo kwenye makala.

Mimi nimezoea vitabu vya watoto. Huko hadithi ikisema sungura amepanda mti, unachora sungura juu ya mti. Sasa nimepata kazi ya jarida: picha moja ya ukurasa mzima na nyingine ndogo ya kukaa katikati ya maandishi. Makala inahusu wafanyakazi wanaojibu ujumbe wa kazi usiku wakiwa nyumbani, mpaka hawajui tena kazi inaishia wapi na mapumziko yanaanzia wapi. Nimeisoma na imenigusa sana, natamani niitendee haki.

Nilituma skechi tatu. Ya kwanza mtu kafungwa pingu kwenye simu. Ya pili mtu kalala na simu kubwa imemkalia kifuani. Ya tatu saa ya ukutani imetoa mnyororo unaomvuta mtu kutoka kitandani. Jibu likaja: "Umechora vizuri, lakini ni za kawaida mno. Nipe wazo." Anataka skechi mpya keshokutwa jioni.

Naomba kujua mambo mawili. Mawazo ya namna hii mnayapataje? Na mkataba una kifungu kinachosema haki zote za mchoro zinahamia kwa mchapishaji. Nisaini tu?

Mpangakurasa:
Karibu dada. Kazi yangu ni kuagiza picha na kupanga kurasa, kwa hiyo mimi ndiye napokeaga hizo skechi. Kwanza tulia. Mhariri aliyekuambia "nipe wazo" bado anakutaka. Asiyekutaka anakulipa fidia ya kukatisha kazi na kumtafuta mwingine kimya kimya.

Skechi zako zote tatu zinasema kitu kimoja: simu inamtesa mtu. Hiyo ni mada. Kila msomaji anaijua kabla hajafungua jarida, na kila mchoraji akipewa hiyo mada ataanza na pingu. Lakini hakuna mwandishi anayejaza kurasa nne kusema simu inatesa. Lazima ana hoja yake, kuna kitu amekigundua ambacho wengine hawajakisema. Hicho ndicho unachotakiwa kuchora.

Fanya hivi. Isome tena makala, penseli iweke mbali. Ukimaliza, andika sentensi moja ya kueleza mwandishi anadai nini. Sentensi iwe na watu na iwe na kitenzi: nani anamfanyia nani nini? "Uchovu wa kazi" haitoshi, hapo hakuna anayetenda lolote. Picha ya dhana inachora kitenzi. Ukishaipata tuletee hapa.

WinoMweusi:
Naongezea kidogo. Balbu ya wazo, ngazi ya mafanikio, binadamu anayechezeshwa kwa nyuzi, kete za sataranji, kichwa chenye tundu la funguo: hivi ndivyo vinakuja kwanza kwa kila mtu. Usivizuie. Vichore vyote haraka haraka kwenye karatasi moja ili vitoke kichwani, kisha chukua karatasi nyingine.

KalamuYaRisasi:
Naomba nipingane kidogo na WinoMweusi, maana mgeni anaweza kuondoka hapa akidhani alama inayojulikana ni dhambi. Bila kitu anachokijua, msomaji hana pa kuanzia.

Angalieni jalada la mchoraji Saul Steinberg kwenye jarida la The New Yorker la tarehe 29 Machi 1976. Alichukua kitu ambacho kila mtu anakijua, ramani, na mandhari ya kutazamwa kutoka juu. Alichogeuza ni vipimo. Barabara ya 9 ya New York ina majengo, magari na watu waliochorwa kimoja kimoja. Ukivuka mto Hudson, Marekani yote iliyobaki imekuwa kipande kidogo cha ardhi chenye majina machache, halafu bahari ya Pasifiki, halafu China, Japani na Urusi kwa mbali kabisa. Hoja inaonekana mara moja: mkazi wa pale anadhani dunia inaishia mtaani kwake. Hakuna kilichobuniwa upya isipokuwa uwiano.

Kwa hiyo dada, kitanda na simu si tatizo. Tafuta ni kipi kati yao unachoweza kukivunja sheria.

FundiDijitali:
Kama muda umebana, si uandike tu maelezo kwenye programu ya akili bandia ikutolee picha ishirini, uchague moja?

Mpangakurasa:
@FundiDijitali atapata picha ishirini za mtu na pingu. Shida yake hapa si mkono, ni wazo. Na hata ukiacha hilo, jarida linanunua haki kutoka kwake. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani imeshaweka wazi kwamba picha iliyozalishwa na mashine bila ubunifu wa binadamu hailindwi na hakimiliki. Atauza haki gani ambayo yeye mwenyewe hana?

Penseli2B:
Asanteni sana. Nimeisoma tena kama mlivyoelekeza, na kuna aya katikati ambayo nilikuwa naipita. Mwandishi aliwauliza wafanyakazi nani anawalazimisha kujibu usiku, na karibu wote wakasema hakuna. Bosi hajawahi kuwaagiza. Wanajibu kwa sababu wanaona mwenzao ameshajibu, hawataki kuwa wa mwisho.

Sentensi yangu ni hii: "Hakuna bosi anayewakesha, wanakeshana wenyewe kwa wenyewe."

Nilipoiandika tu nikaona kwa nini pingu na mnyororo haviwezi kukaa. Pingu zinahitaji mfungaji, na hapa mfungaji hayupo.

Mpangakurasa:
Hapo sasa! "Wanakeshana." Kitenzi chako hicho, na kina pande mbili ndani yake.

Sitakupa picha, itafute mwenyewe. Gawa karatasi mara mbili. Upande mmoja orodhesha vitu vya usiku na vya kulala: kitanda, mto, shuka, taa, pazia, dirisha. Upande wa pili orodhesha vitu ambavyo mtu mmoja akivigusa mwingine anapata taabu: kamba, swichi, mlango, foleni, bembea. Kisha oanisha kitu cha huku na cha kule, hata visivyoendana, na kila jozi uichore kwa ukubwa wa stempu. Usichore kubwa. Kwenye stempu hakuna pa kuficha wazo bovu nyuma ya kivuli kizuri. Jozi nyingi zitakuwa takataka, ndiyo kazi yenyewe hiyo. Usiache mpaka orodha zikauke.

HakiYaMchoraji:
Nijibu la mkataba, naona limesahaulika na ndilo litakaloishi muda mrefu kuliko picha yenyewe.

Usisaini hicho kifungu kilivyo. Jarida kwa kawaida linahitaji kitu kidogo sana: kuchapisha picha mara moja kwenye toleo moja, pengine na kuiweka kwenye toleo la mtandaoni, na kwa kipindi fulani isitokee kwa mshindani wao. Hiyo ni leseni. Kuhamisha haki zote ni kumpa mali yenyewe. Chama cha wachoraji cha Graphic Artists Guild cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1967, na Association of Illustrators cha Uingereza cha mwaka 1973 vimekuwa vikiwahimiza wachoraji wauze matumizi na wabaki na hakimiliki. Mkiwa mnafanya kazi chini ya sheria ya Marekani, ogopeni pia maneno yanayosema kazi ni ya mwajiri tangu inapoumbwa. Mchango kwenye jarida ni moja ya kazi ambazo sheria inaruhusu zihesabiwe hivyo kama pande zote mbili zimesaini, na hapo kisheria wewe hukuwahi hata kuwa mtunzi.

Kwa kuwa KalamuYaRisasi amemtaja Steinberg, nimalizie alikoishia. Jarida lilisajili hakimiliki ya lile jalada, kisha likamhamishia Steinberg mwenyewe. Miaka ya themanini Columbia Pictures walitoa bango la filamu lililofanana nalo mno, akawashtaki, na mwaka 1987 mahakama ya New York ikaamua kwamba walikiuka haki yake. Kama hakimiliki ingebaki mikononi mwa mtu mwingine, asingekuwa na pa kusimama.

Andika barua fupi, ya heshima, bila kulalamika: "Naomba kifungu hiki kibadilishwe kiwe haki ya kuchapisha kwa mara ya kwanza, kwenye karatasi na mtandaoni, hakimiliki ibaki kwa mchoraji." Wahariri wengi wana mkataba wa pili kabatini, wanausubiri uombe. Wakikataa kabisa, bei ipande sana, maana umeuza kila kitu. Na hakikisha imeandikwa utalipwa nini kazi ikifutwa katikati. Malipo hayo hupanda kadiri ulivyofika mbali, na mchoro ukishakamilika kama ulivyokubaliwa, dai yote.

Penseli2B:
@HakiYaMchoraji Mungu akubariki, barua nimeituma asubuhi hii.

Nimefanya zoezi la orodha mbili mpaka nikachoka, na nyingi kweli zilikuwa takataka. Lakini kuna moja naomba mnipe maoni. Vitanda vimepangwa sambamba kwenye giza, kila kimoja na mtu wake na taa yake ya kamba, ile unayoivuta kuwasha. Ila kamba ya kila taa haiko mkononi mwa mwenye kitanda. Imeshikwa na aliyelala kitanda cha jirani. Naye kamba ya taa yake imeshikwa na anayefuata, hivyo hivyo mpaka mwisho wa safu. Wote macho yako wazi. Hakuna anayeweza kuzima taa yake mwenyewe.

WinoMweusi:
Nimeisoma nikaiona bila kuchorewa. Hiyo ndiyo.

Neno moja tu. Usiwape sura za mateso. Uso ukilia, unamwambia msomaji ahisi nini na kumnyima nafasi ya kugundua mwenyewe. Waweke watulivu, kama watu waliozoea.

KalamuYaRisasi:
Nzuri sana. Swali langu: simu iko wapi? Msomaji akifungua ukurasa, atajua ni habari ya ujumbe wa kazi au atadhani ni makala ya kukosa usingizi?

Siulizi kwa ubishi. Mwaka 2008, toleo la tarehe 21 Julai, The New Yorker lilitoa jalada la Barry Blitt likiwaonyesha Barack na Michelle Obama ofisini Ikulu, yeye kavaa kanzu na kilemba, mkewe na bunduki mgongoni, bendera inaungua kwenye meko. Lengo lilikuwa kuwakebehi wanaoeneza uvumi kuhusu hao wawili. Lakini jalada halikuwa na kichwa cha habari cha kuliongoza, na wengi waliona uvumi wenyewe umechorwa. Timu ya kampeni ya Obama ililaani. Mchoraji hodari kabisa yule, na bado maana ilimponyoka pale picha iliposimama peke yake.

Mpangakurasa:
Tofauti ni kwamba hii si jalada. Juu yake kutakuwa na kichwa cha makala, na chini yake sentensi ya kuvutia msomaji, na zote mbili zitataja kazi na ujumbe. Picha ikirudia maneno, nafasi imepotea. Acha kichwa kibebe simu, picha ibebe zile kamba. Ukurasa wa maoni wa The New York Times ulipoanza mwaka 1970, wachoraji kama Brad Holland walijenga jina hapo kwa picha zisizofafanua maandishi. Zilisimama kando yake na kusema kitu cha kwao.

Ila hoja ya KalamuYaRisasi ina pa kwenda: ile picha ndogo. Hapo weka simu kwenye mto, imefunikwa shuka vizuri, imelala yenyewe. Zitafanya kazi pamoja.

Penseli2B:
Mrejesho wakuu. Skechi imepita! Ndogo nayo imepita kama alivyosema Mpangakurasa. Mkataba wameubadilisha bila neno: kuchapisha mara ya kwanza, karatasi na mtandaoni, hakimiliki yangu.

Mhariri ameomba kitu kimoja nikakipenda sana: kitanda cha mwisho upande wa chini, kamba yake isishikwe na mtu yeyote ndani ya picha. Itoke nje ya ukingo wa ukurasa, pale ambapo msomaji anakuwa ameshika jarida kwa mkono.

Sasa nimebaki na hofu ya uchapaji. Ukurasa ni milimita 210 kwa 275. Hiyo kamba itakatwa wapi? Na giza lote hilo halitaharibika?

Rangi_Nne:
Hongera. Mimi niko kwenye uchapaji, acha nikujibu.

Kamba inayotoka nje lazima uivushe mpaka mwisho wa ziada ya kukatwa, milimita 3 kila upande. Turubai yako iwe 216 kwa 281, na kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni pikseli 2551 kwa 3319. Kisu cha kiwanda hakipiti pale pale kila nakala, kwa hiyo ukiishia ukingoni kabisa, nakala nyingine zitatoka na mwanya mweupe na kamba itaonekana imekatika. Mkono wa mtu wa mwisho uweke ndani, milimita 10 hivi kutoka ukingoni.

Giza: usitumie wino zote nne kwa asilimia mia. Kwenye karatasi za majarida wengi hawapendi jumla izidi asilimia 300, waulize wao wanataka ngapi. Bluu yako ya usiku ukiihamishia CMYK, yaani zile wino nne za uchapaji (samawati, majenta, njano na nyeusi), samawati na majenta zikikaribiana itageuka zambarau, kwa hiyo punguza majenta. Ile bluu inayong'aa kwenye skrini hutaipata, kwa hiyo chora ukiwa tayari kwenye rangi za uchapaji.

Na zile kamba za taa, kama ni mistari myeupe juu ya giza, zinenepeshe kidogo kuliko unavyopenda. Bamba la rangi moja likisogea hata kidogo sana, wino unaingia ndani ya mstari na kamba inapotea. Chapa karatasi moja kwa ukubwa halisi, ishike kama unavyoshika jarida, uone kama bado zinahesabika kutoka kitanda hadi kitanda.