Yule mama wa dirishani kanivua nguo mbele ya mkwe wangu!

Wakuu, nimetoka pale ofisi ya kusajili ndoa sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Yeyote aliyewahi kupeleka karatasi za ndoa anamjua, yule wa miwani ya kuning'inia kifuani, anayelala na muhuri chini ya mto.

Nilikamilisha kila kitu: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, picha, mashahidi wawili, kopi zimegongwa mihuri ya wakili mpaka maandishi hayaonekani. Akavuta cheti changu kwa kucha mbili kama anatoa panya mtegoni. Akatazama kitambulisho. Akarudi kwenye cheti. Kisha, kwa sauti ya mnadani: "Mwenye cheti hiki si wewe. Mwache binti wa watu aolewe na mwenye jina lake!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mchumba wangu kasimama pale pale. Mama mkwe pale pale!

Kisa ni herufi H. Kwenye cheti ipo, kwenye kitambulisho haipo. Tarehe ile ile, wazazi wale wale. Angesema "nenda karekebishe" ningeondoka kimya. Lakini "aolewe na mwenye jina lake"? Mbele ya mama mkwe? Huyo mwenye jina lake ni nani kama si mimi?

Mzee wa Kopi: Pole mkuu. Nenda kwa wakili ukaape kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Usikimbilie kubadili jina, hayo ni mengine kabisa.

MtoaMada: Kiapo nitaapa. Mama mkwe je, naye nimwapie?

binti_machachari: Hahaha, mwenye H ajitokeze, bibi harusi anasubiri!

MtoaMada: Cheka tu dada. Siku yako inakuja, na yule mama hastaafu.

Mjane Mtulivu: Wewe una herufi moja. Mimi nimepeleka cheti cha kifo cha marehemu mume wangu, akaniuliza kwa nini mwenyewe hakuja kusaini.

Kaka wa Mbali: Tulieni, wenye wachumba wa nje ya nchi ndio tunaoteseka. Hati ya kuonyesha kwamba mwenzangu hana ndoa nyingine ina muda wake. Ilipomaliza kutafsiriwa ikawa imeisha muda, tukaanza upya. Kuna Mkataba wa The Hague wa 1961, unaotaka cheti kimoja tu cha uthibitisho, apostili, badala ya mlolongo wa mihuri ya balozi, ila nchi zote mbili lazima ziwe wanachama. Yetu moja imo, nyingine haimo.

Mzee wa Kopi: Talaka nayo usisahau. Anataka hati halisi ya mahakama. Kopi anaitupa.

MtoaMada: Jamani, hakuna anayeongelea alichonitamkia? "Mwenye jina lake"!

binti_machachari: Tumesikia, bwana asiye na H. Mimi anayeniudhi ni mpiga picha. Zangu zimekataliwa, eti masikio hayaonekani.

Mjane Mtulivu: Zangu zilikataliwa kwa kutabasamu.

Kaka wa Mbali: Mimi ni rangi ya ukuta wa nyuma. Eti nyeupe hii si nyeupe.

binti_machachari: Kwa hiyo nibane nywele au ninyoe kabisa? Naulizia kwa dhati, nina miadi kesho asubuhi.