Baraza jipya la mbao Dodoma: vanishi au steini?

Mama_Iyumbu:
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Nimejengewa baraza la mbao nyuma ya nyumba huku Iyumbu, mbao ni paini ya Mafinga ile yenye dawa, bado ina ukijani kijani. Fundi anang'ang'ania vanishi eti ndo itang'aa, jirani anasema steini (ile rangi inayonyweka kwenye mbao) ya maji, dukani wananiambia ya mafuta, sasa niko njia panda na mvua zikianza mwezi wa 12 nitakuwa nimechelewa. Jua linalipiga kuanzia saa 4 asubuhi mpaka jioni, na upepo wa huku mnaujua na vumbi lake. Nichukue ipi?

seremala_nzuguni:
Dada vanishi sahau. Meza ya sebuleni sawa, ila sakafu ya nje inayokanyagwa, kwa jua hili, vanishi inakaa juu ya mbao, mbao ikitanuka na kusinyaa yenyewe inapasuka, maji yanapenya chini inaanza kubanduka, na ikishabanduka huna ujanja ni kukwangua yote. Steini inazama ndani, ikichoka unasafisha unaongeza koti moja maisha yanaendelea.

Chukua ya mafuta yenye rangi kiasi, mistari ya mbao bado ionekane. Ile isiyo na rangi kabisa usichukue hata wakikupunguzia bei, rangi ndo inayozuia jua, bila hiyo mbao inageuka kijivu mapema tu. Na ile nzito inayofunika kila kitu inachubuka pale miguu inapopita.

Ila mbao zimekauka?

Mama_Iyumbu:
Kwa nje naona kavu, zimepigiliwa juzi juzi.

seremala_nzuguni:
Hapo ndo penyewe. Mbao ya dawa ikitoka kiwandani imelowa mpaka ndani, juu inakudanganya. Dondoshea maji sehemu kadhaa, yakinywewa ndani ya dakika chache paka, yakikaa juu subiri. Uzuri Oktoba hii hewa yetu kavu, hutasota kama watu wa Tanga. Halafu piga msasa namba 80, usikimbilie 220, ukilainisha sana vitundu vinaziba na steini hainyweki.

dereva_wa_singida:
Mnahangaika bure, oili chafu ya gereji paka mara moja mchwa hawasogei 😂

mzee_wa_kikuyu:
Oili chafu weka kwenye nguzo za zizi bwana, sio pale wajukuu wanapokaa na nguo za shule. Inanuka, ina sumu, na steini haitashika tena juu yake.

Mama Iyumbu, mchwa unawazuia hivi: kila palipopita msumeno fundi apake dawa ya mbao kabla ya steini, maana dawa ya kiwandani haifiki moyoni kila mara. Kwenye msasa avae barakoa, na vile vipande vya mabaki msipikie jamani, hiyo dawa ya kijani mara nyingi ina aseniki, ni sumu kali.

Kupaka ni saa 1 asubuhi, kabla jua na upepo havijachangamka. Ukipaka juani inakauka kabla haijazama, unapata mabaka. Shika mbao mbili tatu uende nazo mwanzo mpaka mwisho bila kuachia katikati, isubiri kama robo saa, kisha iliyobaki juu ifute, usipofuta inabaki inanata na vumbi lote la Dodoma litahamia hapo. Vitambaa vyenye mafuta usivirundike stoo!! Vinajipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti, vitandaze nje kimoja kimoja au viloweke kwenye ndoo ya maji.

Mama_Iyumbu:
Asanteni sana. Fundi kadondoshea maji, yamekaa juu yanamtazama, kanyamaza. Kuna kingine, nimeletewa makopo mawili na naona rangi hazilingani vizuri, nirudishe?

seremala_nzuguni:
Kama ni aina moja usirudishe, mimina yote kwenye ndoo moja ukoroge na kijiti mpaka chini kabisa, rangi huwa inalala chini. Na ujaribie kwanza kwenye kipande cha mbao hiyo hiyo, ile picha ya kwenye kopo usiiamini.