Mafundi mnaofumua pikipiki za zamani: mshale juu ya pistoni si pambo!

Wadau, nina hasira na sitazungusha maneno. BSA Bantam D7 ya marehemu mzee wangu, pikipiki ya Kiingereza ya miaka ya sitini ambayo alizunguka nayo Busoga nzima enzi zake za ubwana shamba, imeuliwa kwenye gereji moja huko Kampala. Jina silitaji, mwenyewe akisoma humu atajijua. Pistoni mpya, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, niliagiza Uingereza, ushuru nikalipa, na imekufa kabla haijaiona Jinja. Injini imekaba, ikagoma kuzunguka, Lugazi. Nimeifikisha Walukuba juu ya pikapu ya matoke, nikaifungua, na nilichokikuta ndani ndicho kimenileta hapa.

Pistoni imefungwa kinyumenyume. Mshale umechongwa pale juu kichwani, mkubwa, hauhitaji miwani. Unatakiwa uelekee mbele, upande wa ekzosi. Wao wameuelekeza kwenye kabureta. Nikampigia fundi simu. Jibu lake: "Ssebo (bwana), pistoni ni duara, ikiingia imeingia."

Duara! Hii ni injini ya mipigo miwili, ya kuchanganya oili na petroli. Haina valvu. Ukuta wa silinda ndio wenye madirisha: la kuingiza, la kutoa, na yale ya pembeni yanayopandisha mchanganyiko. Ringi, ile pete ya chuma inayozunguka pistoni, ikipita mbele ya dirisha hutaka kutanuka ichungulie nje, na ndiyo sababu ndani ya kila mfereji wa ringi kuna kipini kidogo kinachoizuia isizunguke, ili zile ncha zake mbili zipite daima kwenye ukuta usio na tundu. Ukigeuza pistoni, vipini umevigeuza pia. Ncha ya ringi yangu ya juu ilijikuta mbele ya dirisha la ekzosi, ikanaswa, ikakatika. Kipande kimesagwa kati ya pistoni na ukuta hadi kikawa unga, na mfereji kiliouacha kwenye silinda nauhisi kwa ukucha kutoka juu hadi chini.

Msiniambie eti kazoea Honda. Honda CG125 zina herufi IN juu ya pistoni, na hizo huelekezwa kwenye valvu ya kuingiza. Kwa hiyo kwamba pistoni ina upande wake mnajua fika. Ila mmekariri "alama inakaa kwa kabureta" badala ya kusoma alama yenyewe inasema nini.

Kosa la pili linaniuma kuliko hilo, kwa kuwa lilifanyika pistoni ikiwa bado kwenye boksi. Silinda ilichongwa bila pistoni kupimwa! Mkerezaji aliambiwa tu "saizi ya hamsini", yaani ongeza milimita 0.50. Hizi za Kiingereza huongezwa kwa inchi: yangu ni +0.020, yaani milimita 0.508. Silinda ya D7 ikiwa mpya ina milimita 61.5, basi bwana kajumlisha nusu milimita, kapata 62, kachonga, kalipwa. Kazi haiendi hivyo. Pistoni unaipima kwanza, kwa maikromita, chini kwenye sketi, upande unaokingama na pini inayoishika pistoni kwenye konrodi (mkono unaoisukuma), maana pistoni haikukerezwa duara kamili (ndiyo, fundi, si duara!) na juu ni nyembamba kuliko chini. Ukishapata kipimo, unaongeza nafasi iliyotajwa na mtengenezaji wa pistoni hiyo hiyo. Hapo ndipo unawasha mashine ya kuchonga. Tunazungumzia sehemu chache tu za mia za milimita, lakini injini ya kupozwa na upepo, kwenye vilima vya Mukono, hizo sehemu chache ndizo zinaamua kama utafika. Nilipouliza maikromita iko wapi nilionyeshwa kalipa ya plastiki.

Mwanya wa ringi nao nani aliupima? Hakuna. Unaingiza ringi peke yake kwenye silinda, unaisukuma chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, unapitisha fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya) kati ya ncha. Kanuni ya wazee ni inchi 0.004 kwa kila inchi ya kipenyo, kwa hii yangu kama robo milimita. Mwanya ukiwa mdogo mno, ringi ikipata moto ncha zinagongana na haina pa kwenda. Ni kazi ya dakika tano.

Halafu klipu za pini. Pistoni ilikuja na mbili mpya kwenye kifuko. Nimezikuta bado kifukoni, kifuko hakijafunguliwa, nimerudishiwa pamoja na vyuma chakavu. Wamerudisha zile za zamani zilizolegea, vitu ambavyo bei yake haifiki rolex moja ya barabarani, ile chapati ya mayai! Tena mdomo wa klipu umeangalia pembeni, wakati hukaa juu au chini, kwa sababu pistoni inaporushwa juu na chini kwa kasi klipu ya pembeni inajibana yenyewe na kuchomoka. Pini imepigwa nyundo, alama zipo. Maji moto juu ya pistoni yangeiteleza kwa kidole gumba, na konrodi isingepata mtikisiko.

Ushahidi walinipa wenyewe. Walinitumia video WhatsApp ili nimalizie salio, eti kazi inaendelea vizuri. Kijana anashusha silinda huku anaizungusha kushoto kulia kama anafunga kifuniko cha chupa, na kila akizungusha ncha za ringi zinatafuta dirisha la kuingia. Mdomo wa krenkesi, chumba cha chini cha injini, uko wazi, hata tambara hakuna, na nyuma yake vumbi la barabara linapita. Mwisho anapiga kiki, inawaka, anavuta akseli hadi mwisho, injini ambayo haijalainika hata dakika moja. Wenzake wanapiga makofi.

Sasa eti kosa ni langu kuleta "vyuma vya wazungu ambavyo havina fundi". Bantam ilinakiliwa kutoka DKW RT 125 ya Wajerumani, na Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, ilitoka kwenye ramani hiyo hiyo. Aliyewahi kufumua Yamaha AG100 au DT ya mipigo miwili anajua vipini vya ringi na mshale. Ugeni uko wapi?

Nimedai pesa yangu, wanataka niwalipe tena ya kufungua. Hilo nitalifuata kwa njia yake. Ninachoomba humu: nani kati ya Jinja na Kampala anachonga silinda na kifaa cha kupima ndani ya silinda anacho, na atakubali nisimame pale pistoni ikipimwa kabla hajachonga? Nataka kujua kama mkwaruzo unaweza kuisha silinda ikichongwa saizi ya +0.040 au lazima niweke slivu mpya, yaani ukuta mpya wa ndani ya silinda. Picha nitaziweka kwenye komenti ya kwanza. Na wa "uza chuma chakavu ununue Bajaj Boxer" asijisumbue kuandika.