Viluwiluwi juu ya mwamba kule Amani: nimekosea?

Mwalimu wa Muheza:
Wadau, Jumamosi nilipeleka darasa la sita msitu wa Amani. Kwenye kijito kimoja tulikuta mwamba umesimama, maji yanauchuruzikia kidogo tu, na viluwiluwi kama kumi na tano wameganda juu yake kama ruba. Nikajua maji yamewakimbia. Tukawabandua kwa jani tukawatia dimbwini. Tangu hapo roho hainipi. Nimekosea?

Kijana wa Sigi:
Shikamoo mwalimu. Ulikuwa na huruma, ila pale mwambani ndipo kwao. Kwa maelezo yako hao ni watoto wa Arthroleptides martiensseni, chura wa Tanzania tu. Mayai hutagwa kwenye mwamba uliolowa, na kiluwiluwi hukulia hapohapo, kwenye utando wa maji usiofunika hata ukucha. Umeona mkia ulivyo mrefu? Ukimgusa anaupiga anaruka. Dimbwini kuna kaa na samaki.

Mkubwa wake mtafute usiku kwa tochi. Anakaa juu ya jiwe kando ya maporomoko, rangi yake na ya jiwe huzitofautishi mpaka macho yang'ae. Ncha za vidole ni pana, ndizo zinazomshikilia.

Kuna mwamba nilikuwa nauonyesha kila mgeni. Juu yake pakafyekwa ili kupanda iliki. Masika yaliyofuata tope likaupaka wote, na mpaka leo sijaona kiluwiluwi pale. Linaniuma. Chura huyu hahitaji ziwa, anahitaji jiwe safi na kivuli.

Mkija tena, viatu viwe vimesuguliwa na kukauka. Kuna ukungu unaoua vyura, na huhama kwa tope la viatu.

Mama Ifakara:
Huku Udzungwa tuna ndugu yake, Arthroleptides yakusini. Alipewa jina 2002, na ni Kiswahili chetu kabisa: ya kusini.

Wa Kitale:
Sisi wa Mlima Elgon tuna wetu, dutoiti. Mara ya mwisho kuonekana ni 1962. Nikipita mito ya huku huwa nainama kuangalia mawe. Nyinyi mnao, watunzeni.

Mwalimu wa Muheza:
Marahaba kijana wangu, ahsanteni nyote. Jumatatu nitawaeleza watoto kwamba mwalimu wao alikosea. Kijana, Jumamosi ijayo utakuwepo? Nataka kurudi palepale nikahesabu waliopanda tena. Sitagusa kitu.

Kijana wa Sigi:
Nipo mwalimu. Njoo na tochi, tukae mpaka giza liingie.