Mteja anaongeza kazi kila siku, invoisi niipangeje?

Wakuu habari za kazi. Nina saiti ya ukarabati, nyumba ya zamani, tunabadilisha bafu na jiko lote, plambingi mpya, tailzi, siling na rangi. Bei ya jumla tulishakubaliana kwa maandishi na bosi akatoa advansi ya 30%. Sasa yeye yuko mbali anapiga simu tu, mara soketi ziongezwe, mara ule ukuta wa jikoni utolewe. Nataka kumpelekea invoisi ya kwanza, je hizo za ziada nizichanganye humo humo au nisubiri mwisho? Na advansi naikata yote kwa mpigo? Vijana wanataka hela yao kila wikiendi na sitaki tugombane na mteja.

FundiPlasta
Usisubiri mwisho hata kidogo mkuu. Mwisho wa kazi mteja hela imemuishia na simu alizopiga hazikumbuki. Akiagiza kitu muandikie meseji hapo hapo, soketi ngapi, zinakaa wapi, bei yake na siku ngapi zinaongezeka, akijibu sawa ndo fundi anachimba ukuta. Kwenye invoisi ziwekee sehemu yake chini ya kazi ya mkataba, kila moja na tarehe aliyoikubali. Na kama kuna kitu amekifuta kitoe kwenye hesabu bila kuombwa, hiyo inajenga imani sana. Halafu piga picha bomba na waya kabla hazijafunikwa, weka futi kamba ubavuni ionekane. Ukuta ukishapigwa plasta na tailzi juu, mtu aliye mbali atajuaje umeweka mabomba mapya?

MkadiriajiMajenzi
Advansi usiikate kwa mpigo utabaki huna hela ya saiti, ikate kwa uwiano. Chukua mkataba mzima ni 100. Hadi leo umefanya kazi ya 40, toa 30% ya hiyo 40 ambayo ni 12, na kama mlikubaliana ritensheni (hela anayoshikilia mteja kama dhamana ya kazi) ya 5% toa 2, unadai 26. Invoisi ya pili usianze upya, andika kazi yote tangu mwanzo, tuseme imefika 70, toa advansi 21, toa ritensheni 3.5, inabaki 45.5, sasa toa ile 26 aliyokwisha lipa, unadai 19.5. Mteja akiona hesabu inatoka mwanzo hadi leo kwenye karatasi moja habishani, anaona mwenyewe amelipa nini na bado nini.

DadaSaiti
Naongezea tu, usimwandikie "kazi imefika 60%" maana kila mtu ana 60% yake. Andika tailzi za ukuta bafuni zimeisha mita za mraba kadhaa, grauti bado, siling fremu imefungwa bodi bado. Weka namba ya invoisi, tarehe, akaunti ya kulipia na siku ya mwisho ya malipo. Ile mikataba mikubwa ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya 1999 inampa mwenye mradi hadi siku 56 tangu mhandisi apokee madai, wewe mwenye vijana wa kulipwa kila wikiendi ukiiga hiyo saiti inasimama. Kubaliana naye siku chache, na hatua inayofuata inaanza ya nyuma ikishalipwa.

Muuliza swali
Asanteni sana, hiyo ya kutoa kazi iliyofutwa sikuiwaza kabisa. Ule ukuta bado sijaugusa, bei yake naipigaje?

FundiPlasta
Kwanza mhandisi auangalie kama umebeba slabu au paa. Kama umebeba kuna kuegemeza, boriti na zege, hiyo siyo bei ya kuvunja tofali na kutoa kifusi. Gharama ya mhandisi nayo iwe mstari wake, bosi aikubali kabla nyundo haijashikwa.