Mmea wa miambani Uluguru: nitajuaje kama ni spishi mpya?

Jabali_Moro
Wakuu, salaam. Kuna Saintpaulia (jamii ya ua la chungu liitwalo African violet) inaota kwenye jabali lenye kivuli kando ya kijito, Uluguru, mwinuko wa mita 1,300 hivi. Majani yana malaika (vinyweleo) marefu yaliyosimama, maua ni samawati iliyofifia. Mashina hayazidi 60, yote kwenye jabali hilohilo. Picha za mtandaoni hakuna inayofanana nayo. Kibali cha COSTECH (tume ya sayansi) kipo, cha TFS (wakala wa misitu) pia. Nichukue kiasi gani? Majani yana maji mengi, ya majaribio yameota ukungu ndani ya magazeti. Na ni lini mtu anaruhusiwa kutamka "spishi mpya"?

MkaushaMajani
Mkuu, kipimo kinachotumiwa na wakusanyaji wengi ni shina 1 kwa kila 20. Kwako ni 3 tu. Moja chukua zima na mizizi yake, mengine mawili kata jani na kikonyo cha ua, shina liachwe kwenye ufa wake.

Ukungu umekuja kwa sababu jani halijafa. Majani manene hukaa hai siku kadhaa ndani ya kibanio (mbao za kubania mimea ikauke), yanaendelea kutoa maji. Yaue kwanza: chovya kwenye maji yanayochemka sekunde chache, kausha kwa kitambaa, ndipo ubanie. Magazeti badilisha asubuhi na jioni kwa siku 3 za mwanzo. Katikati weka vipande vya boksi lenye mawimbi, vitundu vyote vikielekea upande mmoja ili hewa ipite. Joto la nyuzi 40 hadi 50 linatosha. Ukiweka juu ya jiko la mkaa majani yanakuwa kahawia na kuvunjika kama chapati ya juzi.

Maji ya moto hulaza malaika, na kwa kundi hili malaika ndiyo kitambulisho. Kwa hiyo jani moja na maua angalau 5 tia kwenye ethanoli ya asilimia 70, pamoja na lebo iliyoandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu utayeyuka na utabaki na kichupa kisicho na jina. Vipande vya jani kwa ajili ya vinasaba weka kwenye silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) yenye uzito mara 10 ya jani, ukiondoa mshipa wa kati maana ndio unaochelewa kukauka.

Rangi ya ua andika palepale, ikikauka imepotea. Andika pia aina ya mwamba, mwinuko, uso wa jabali unaelekea wapi na maji yanapita wapi.

Chavua72
Nyongeza kwenye swali la spishi mpya. Kundi hili limewaponza wengi. Zamani zilihesabiwa spishi kama 20. Mwaka 2006, katika Flora of Tropical East Africa (orodha ya mimea ya Afrika Mashariki), zikabaki 6, nyingi zikishushwa kuwa nususpishi, yaani matawi, ya spishi moja, *ionantha*. Sababu ni kwamba shina lililo kwenye kivuli chenye unyevu hutoa jani pana, lisilo nene na lenye kikonyo kirefu, na la pembeni kwenye mwanga hutoa jani dogo nene. Ukipima mashina mawili tu utaona spishi mbili!

Pima angalau majani 10 kutoka mashina tofauti, bila kuyachuma. Kwa lenzi ya mara 10 tazama malaika ya juu ya jani: marefu, mafupi, au mchanganyiko wa yote mawili? Yamesimama au yamelala? Kisha tunda: umbo na urefu wake. Bila tunda hoja yako itakuwa na pengo, rudi msimu wa matunda.

Baada ya hapo linganisha na vielelezo asilia (mimea iliyokaushwa ambayo majina yalitolewa kwayo), si picha za wafuga maua. Uluguru anza na spishi *goetzeana* na *pusilla*, zimekusanywa huko tangu enzi za Wajerumani. Hebariamu (maghala ya mimea iliyokaushwa) za Arusha, Dar es Salaam na Nairobi zitakusaidia. Sifa moja tofauti haitoshi. Tafuta mbili au tatu zinazokwenda pamoja katika mashina yote.

Jabali_Moro
Shukrani sana. Na jina? Naona wengine wanaandika Streptocarpus.

Chavua72
Ndiyo, tangu 2015 Saintpaulia imeingizwa Streptocarpus. Kilatini kina upatanisho kama ngeli zetu: *ionantha* ikawa *ionanthus*, lakini *teitensis* ya Taita haikubadilika. Maelezo au utambulisho wa spishi mpya uwe kwa Kilatini au Kiingereza (ruhusa ya Kiingereza ilianza 2012). Taja holotaipu moja (kielelezo kinachobeba jina) na hebariamu inakotunzwa. Mmea ulio hai kwenye chungu haukubaliki kuwa holotaipu.

MkaushaMajani
Kuhusu hatari ya kutoweka: jabali moja huhesabiwa kama mraba mmoja wa kilomita 2 kwa 2, yaani km² 4, chini ya kikomo cha km² 10 cha daraja la juu kabisa la hatari la IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi). Lakini udogo peke yake hautoshi, onyesha pia kuwa makazi yanapungua. Angalia miti iliyo juu ya jabali. Ikikatwa, jua hupiga mwamba, unyevu hukauka na miche huungua kwanza.

Na tafadhali, futa mwinuko na "kando ya kijito" kwenye swali lako, wasije wang'oa mimea wakalifikia jabali. Kwenye chapisho andika jina la msitu tu, vipimo kamili vya GPS vibaki hebariamu.

Jabali_Moro
Najaribu kufuta, kitufe cha kuhariri hakitokei. Modi, naomba msaada.