Sauti za wanawake wa Ufini zinazokwaruzana: wanaimba nini, na mtu aanzie wapi?

Alto wa Mstari wa Nyuma

Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi naimba sauti ya pili kwenye kwaya, huu mwaka wa kumi na moja, na nilidhani nimeshasikia kila namna sauti za wanawake zinavyoweza kupangwa. Wiki mbili zilizopita nilikuwa napiga pasi, simu inajichagulia nyimbo yenyewe, ikaangukia kundi linaitwa Värttinä, albamu ya *Ilmatar* ya mwaka 2000. Nikaiweka pasi pembeni. Bahati nzuri niliisimamisha, maana sketi yenyewe ilikuwa ya kuazima.

Sisi tumefundishwa kwamba sauti ya kwanza inakaa juu, ya pili inakaa chini yake kwa nafasi ya kupumua, basi kila mtu na kiti chake. Hawa wamebanana. Noti ya huyu iko mlango wa pili na noti ya mwenzake, zinakwaruzana, na wewe unasubiri mmoja wao asogee ili masikio yapumzike. Hasogei mtu! Wanaikalia palepale na kuongeza nguvu. Kwetu mwalimu angeshasimamisha wimbo na kuuliza nani amepotea.

Nimejaribu na wenzangu watatu baada ya mazoezi. Tulisikika kama nyuki ndani ya kopo. Mmoja aliangua kicheko, mwingine akahamia kwenye noti yangu bila kujijua, wa tatu akasema ana kikohozi.

Naomba kujuzwa: wanaimba habari gani? Nimesoma mahali kwamba ni miungu na viumbe vya hadithi za kale. Je, ndivyo mabibi zao walivyoimba kweli? Na nikitaka kuendelea, nimsikilize nani?

Fundi Spika

Si ndio wale wa kitunguu? Mwaka 2006 kulikuwa na katuni ya msichana anazungusha kitunguu liki bila kuchoka, na wimbo wa Kifini nyuma yake. Kuna sehemu ya katikati maneno yanakwenda mbio kama cherehani. Nilihakikishiwa kuwa ile ni dua ya waganga wa zamani.

Mama Theluji

Fundi Spika, umenichekesha, lakini hao ni Loituma, kundi jingine kabisa: wanawake watatu na mwanamume mmoja. Wimbo ni "Ievan polkka", na maneno yake yalitungwa na Eino Kettunen katika karne ya 20, kwa hiyo ukale hauna. Habari yake ni kijana anayetaka kucheza polka na Ieva, na mama yake Ieva hataki. Yale ya katikati hayana maana kwa Kifini wala kwa lugha nyingine yoyote. Uganga hakuna. Kuna mama mkwe mtarajiwa tu, na huyo anatosha.

Sasa dada Alto. Nilikaa Joensuu, mashariki ya Ufini, miaka miwili ya masomo, na majira ya baridi ya kwanza nilijiunga na wanawake waliokutana jioni kuimba, sana sana ili nisikae ndani peke yangu nikitazama giza. Nitakujibu kwa nilichokipata pale.

Anza na kutamka, maana Kiswahili chetu kinatuponza. Sisi mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho. Kwao ni silabi ya kwanza, siku zote, hata neno liwe refu kama treni. Kwa hiyo si kaleVAla, ni KAlevala. Na herufi ikiandikwa mara mbili inavutwa kweli: *tuli* ni moto, *tuuli* ni upepo, *tulli* ni forodha. Siku moja nilimwambia mama mwenye nyumba kuwa leo nje kuna moto mkali. Akaenda dirishani taratibu, akachungulia, akarudi kuendelea na kahawa yake.

Kutoka hapo ndipo utaelewa majina. Ile *-tar* ya mwisho ni ya kike, kama sisi tunavyosema Bi, ila wao wanaipachika nyuma. *Ilma* ni hewa, basi Ilmatar ni Bi Hewa. Tuuletar, ambalo pia ni jina la kundi la wanawake wanaoimba bila ala hata moja, ngoma zote wakipiga kwa midomo, ni Bi Upepo. Kuutar ni Bi Mwezi.

Huyu Bi Hewa anashuka baharini, anaelea miaka na miaka, ndege anakosa pa kutua, anajenga kiota kwenye goti lake. Goti linapata joto, analitikisa, mayai yanavunjika. Gamba la chini likawa nchi, la juu likawa mbingu, kiini kikawa jua, ute ukawa mwezi. Ndivyo ilivyo kwenye *Kalevala*, utenzi mkuu uliokusanywa na daktari Elias Lönnrot, chapa ya kwanza 1835, ile kubwa 1849. Lakini waimbaji wengi wa vijijini waliliweka lile goti kwa Väinämöinen, mzee mwimbaji. Lönnrot ndiye aliyemkabidhi Bi Hewa katika chapa ya pili. Nilipoambiwa hivyo niliudhika kidogo, nilishampenda yule mama.

Na humo ndani watu hawapigani sana kwa panga, wanapigana kwa kuimba. Kijana Joukahainen anajigamba mbele ya Väinämöinen, mzee anamwimba mpaka anazama kwenye tope hadi kidevuni. Kujiokoa, kijana anamtoa dada yake, Aino, awe mke wa mzee. Aino haulizwi. Aino anakwenda majini asirudi. Unaona sasa kwa nini wanawake watatu wakisimama kuimba habari hizi leo hawazipambi kwa sauti tamu?

Ila usidhani kila wimbo una miungu. Sehemu kubwa ya walichoimba wanawake ni maisha ya kuolewa ugenini, uyatima, mpenzi asiyekuja. Lönnrot alizitolea hizo kitabu chake, *Kanteletar*, mwaka 1840 (jina unaliona: kantele, kinanda chao cha nyuzi, na ile -tar). Kwenye albamu ya Värttinä ya mwaka 1992, *Seleniko*, kuna wimbo wa harusi unaoanza kwa kusema kijiji kilingoja mwezi mwandamo, walimwengu walingoja jua lichomoze, nami nilimngoja mkamwana wangu. Hakuna mungu hata mmoja hapo, ni mama mtu kasimama mlangoni. Na ndio wimbo ulionishika kuliko yote.

Kuhusu mabibi: hapa utashangaa. Bibi wa Karelia, lile eneo la mpakani mwa Ufini na Urusi, hakuimba hivyo. Nyimbo zile za kale zilikuwa na sauti moja. Mmoja anatoa mstari, mwenzake au kundi linaupokea, lakini wote kwenye njia ileile. Mwimbaji wao mashuhuri, Larin Paraske (1833–1904), aliandikwa mistari zaidi ya 32,000 na mchungaji Adolf Neovius. *Kalevala* nzima ina 22,795. Mwanamke mmoja, maskini, kichwani mwake peke yake, amekipita kitabu cha taifa! Huyo aliimba bila sauti ya pili.

Ule mkwaruzo umetoka kwingine. Jamaa wa Wafini kwa lugha, kama Waseto wa kusini-mashariki ya Estonia na Wamordvini wa Urusi, wao wana kuimba kwa sauti nyingi zilizobanana tangu zamani. Ule wa Waseto, *leelo*, uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2009. Sari na Mari Kaasinen, ndugu wawili, walianzisha Värttinä mwaka 1983 huko Rääkkylä, kijijini kabisa, si mbali na nilikokaa, na kundi lilianza likiwa la watoto na vijana wengi. Mwaka huohuo Chuo cha Sibelius kule Helsinki kilifungua idara ya muziki wa asili. Watu wakaanza kuchota kwa majirani, wakachanganya na gitaa na besi. Hicho ulichosikia kina umri wa mtu mzima wa makamo, hakijafika umri wa bibi.

Mshairi wa Mizani

Mama Theluji, shikamoo. Umenigusa uliposema utenzi. Nimesoma kwamba mstari wao una mizani nane, sawasawa na utenzi wetu. Ni kweli? Na vina wanaviweka wapi?

Halafu niseme wazi: kama sauti zimeazimwa kwa majirani juzijuzi, kwa nini wanauza kama mambo ya kale? Hiyo ni kutudanganya.

Mama Theluji

Marahaba. Mizani ni nane, naam. Hesabu kwa vidole jina wanalompa yule mzee: Va-ka van-ha Väi-nä-möi-nen. Nane kamili. Lakini vina vya mwisho hawana haja navyo. Wao wanafunga kwa mwanzo wa neno, kama unavyoona V inavyogonga mara tatu. Na mstari wa pili hauleti jambo jipya, unalirudia la kwanza kwa maneno mengine: mwezi mwandamo, kisha jua kuchomoza. Ukizoea utenzi wetu unaosonga mbele kila kipande, mwanzoni utaona wanazunguka palepale. Vumilia, ndio mtindo wenyewe.

Sasa dada Alto, hii ni yako. Chukua mstari huo upige makofi. "Vaka vanha Väinä" ni silabi sita, mbili kwa kila kofi, kwa hiyo makofi matatu. Kisha "möi" ipewe kofi lake zima, na "nen" kofi lake zima. Jumla matano. Nyimbo nyingi za kale zinakwenda hivyo, tano tano, na ule mvuto wa mwisho ndio unaokufanya uhisi mtu anapiga kasia na kuliachia boti liteleze. Msiimbe kwanza. Pigeni makofi mpaka mtu aweze kupika huku anapiga.

Kuhusu kudanganya, Mshairi, sikubaliani. Wenyewe wana jina la kazi hii, *nykykansanmusiikki*, na hiyo *nyky* ya mbele maana yake ni ya sasa. Hawajaficha. Maneno mengi ni ya kale au yametungwa kwa kufuata kipimo cha kale, sauti ni zao. Wanaouza ukale mara nyingi ni wale wanaoandika matangazo.

Alto wa Mstari wa Nyuma

Mama Theluji, asante sana, nimesoma mara tatu. Lakini ile ya nyuki kwenye kopo hujaigusa!

Mama Theluji

Kweli, nilijisahau kwenye mayai.

Kosa lenu nalijua kwa sababu lilikuwa langu. Mnatetemesha sauti. Kwaya zinatufundisha kuipepesa noti mwishoni ili ipendeze, na noti mbili jirani zikipepea kila moja kivyake, ndio nyuki hao. Pale Joensuu kiongozi wetu alinisimamisha mbele ya mwanamke mmoja mrefu, pua kwa pua karibu, akatuambia tuimbe noti moja, "aaa", kavu, bila pambo. Tukakaa hapo hadi sikuweza kutofautisha sauti yangu na yake. Ndipo akamwambia yule mrefu apande hatua moja tu, mimi nibaki. Miguu ilitaka kunitoka. Sikio linakuambia umekosea, fuata, fuata! Akaniambia nimtazame mdomo, nisimsikilize. Mdomo wake ulikuwa na umbo lilelile la "aaa" kama wangu, na hapo ndipo siri ilipo: irabu ziwe pacha, noti ziwe jirani. Irabu zikiachana, ni kelele tu. Zikifanana, hewa kati yenu inaanza kutetemeka yenyewe, na wala si ninyi mnaoitetemesha.

Imbeni kwa sauti ya kuitana ng'ambo ya maji, ile ya kifuani inayotokea mbele ya meno. Sauti ya kanisani iacheni mlangoni, mtaichukua mkitoka.

Kusikiliza: baada ya *Ilmatar* rudi nyuma kwa *Oi Dai*, albamu yao ya 1991, usikie wakiwa wachanga na wepesi zaidi. Ukitaka upole, tafuta Kardemimmit, wanawake wanne wenye kantele, hao hawakwaruzani sana ila wanasikilizana ajabu. Ukitaka giza na umeme ndani yake, Okra Playground. Kundi la Uswidi Hedningarna nalo liliwahi kuchukua waimbaji wa kike wa Kifini, na albamu yao *Trä* ya 1994 usiisikilize usiku ukiwa peke yako. Sisemi zaidi.

Fundi Spika

Kwa upande wa mitambo niongeze moja: simu ina spika moja ndogo, inazirundika sauti zote mahali pamoja. Vaa za masikioni, utasikia nani yuko kushoto na nani kulia. Nimeisikiliza *Oi Dai* jana hivyo. Kitunguu nimekisamehe.

Alto wa Mstari wa Nyuma

Mrejesho. Tumekutana jana wanne walewale, aliyekohoa amepona. Makofi matano yalituchukua nusu saa nzima, kila mara kuna mtu anarudi kwenye manne. Halafu tukasimama wawili wawili, pua kwa pua. Mwenzangu akapanda hatua, mimi nikabaki. Safari ya kwanza nikamfuata. Ya pili nikamfuata. Ya tatu nikamkazia macho mdomoni, na ikakaa. Tulihesabu hadi nane kabla pumzi hazijaisha. Mwenzangu alisema ameisikia kwenye meno kuliko masikioni, na mimi vilevile.

Katikati ya yote mwalimu wa kwaya akachungulia mlangoni, akauliza nani amepotea. Hakuna aliyemjibu, tulikuwa bado tunaishikilia.

Jumapili tunajaribu kuongeza wa tatu. Mama Theluji, huyo wa tatu anakaa juu yetu au anabanwa katikati?

Mama Theluji

Chini. Mpe noti moja asiiache, hata ninyi mhangaike vipi huko juu. Na mchagueni aliyekohoa, ana uzoefu wa kubaki pembeni.